Mayi, Kwa Nini Ulimwambia Chisomo?

Mayi wangu mpendwa,

Ulinifundisha kwamba wafu hawaulizwi maswali, wanaombewa tu. Nimeomba nikachoka na swali langu bado liko palepale. Ndiyo maana nakuandikia leo, tena mbele za watu, kwa sababu huenda yuko mama mwingine aliyewahi kumtuma mwanawe nchi ya wenyewe na kumpokea mtoto wa watu badala yake, naye akaelewa kitu ambacho mimi kinanishinda.

Nianze siku niliyokuletea habari. Ulikuwa umekaa kwenye kizingiti cha jikoni pale Bokoli unachambua maharagwe. Nilikueleza kwamba kikundi chetu cha vijana cha Bungoma kina uhusiano na kikundi cha vijana wa Malawi, na kwamba nimechaguliwa. Kijana wa kwetu huenda kukaa na familia ya kule, kijana wa kule akaja kukaa kwetu, ili kila mmoja ajifunze maisha ya mwenzake. Mimi nilipangiwa nyumba ya msichana anayeitwa Chisomo, naye akapangiwa yetu. Ningelala kitandani mwake, yeye alale changu.

Hukuinua kichwa. Ulitupa jiwe dogo lililokuwa katika maharagwe, ukauliza, "Malawi ndio wapi?"

"Ni mbali, Mayi. Unapita Tanzania yote."

"Na watu wa huko wanakula nini?"

"Ugali."

"Basi enda."

Senge Rosa, dada yake marehemu baba, ndiye aliyekasirika. Alikuja jioni hiyohiyo akiwa na maneno yake tayari. "Ati msichana amemaliza masomo, badala ya kutafutiwa kazi anatumwa kwa watu? Na huyo mwingine tunamjulia wapi?" Ulimkaribisha chai, ukamwambia, "Si hata mimi nilitumwa kwa watu? Niliolewa hapa bila kujua mtu. Wewe ndio ulinipokea." Senge akacheka akitaka asitake. Maneno yako yalikuwa hivyo, Mayi, hayana kelele lakini yanafunga mlango.

Kisha ile siku ya Kitale. Vijana wa Malawi walikuwa wamefika kabla yetu, tukakaa nao siku chache kwenye hosteli moja nje ya mji, upande wa kwenda Endebess, tukifundishwa namna ya kuishi katika nyumba isiyo yako. Siku ya mwisho wazazi wakaalikwa. Ulikuja na kaka yangu Wafula. Ulivaa lile rinda lako la kijani la kanisani na ulikuwa na kuku wa kienyeji ndani ya kikapu, kwa sababu ulisema huwezi kwenda kumchukua mtoto wa watu mikono mitupu. Wafula alikuwa anaona aibu. "Mayi, bana, hawa watu wa ofisi watafanyia nini kuku?" Ukamwambia, "Watakula. Kwani wa ofisi hawali?"

Chisomo alipoonyeshwa kwako alipiga magoti yote mawili palepale kwenye changarawe, akapiga makofi taratibu, akasema, "Moni, mayi."

Ulisimama ukiwa umeduwaa. Ulinigeukia. "Nani amemfundisha kuniita Mayi?"

Nikakuambia hakuna aliyemfundisha. Kwao mama huitwa hivyohivyo, mayi, sawa na kwetu. Ulimwinua, ukachukua ncha ya leso yako ukampangusa vumbi magotini, goti moja, kisha la pili, kama ulivyokuwa ukinipangusa mimi nikianguka. Nilikuwa nimesimama kando na begi langu. Sijui nilichohisi kilikuwa wivu au furaha. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchanga ndani ya kiatu, nami nikaona nitaitoa nikipata nafasi ya kukaa.

Ulinishika mkono hadi kwenye basi la kwenda Nairobi. "Usikae huko kama mgeni," ulisema. "Siku ya kwanza, shika ufagio." Hukulia. Mimi pia sikulia, kwa sababu nilikuwa nakutazama wewe nijue tunafanya nini.

Kule Zomba nilishika ufagio. Mama yake Chisomo, ambaye kila mtu alimwita Mayi Phiri, alikuwa fundi cherehani mwenye baraza lake sokoni, mjane kama wewe, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kukutazama kabla ya kukujibu. Aliponikuta nafagia uwanja asubuhi ile ya kwanza aliuchukua ufagio mkononi mwangu, nikadhani nimekosea. Kumbe nilikuwa nikielekeza uchafu mlangoni. Akafagia yeye mstari mmoja kuelekea nje, akanirudishia ufagio bila neno.

Maisha yangu ya kule yalikuwa hivyo, Mayi. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimeongoza vijana kanisani, na sasa nilikuwa mtu asiyejua hata kuchota ugali wa wenyewe. Wao huuita nsima, ni mlaini kuliko wetu, wanauchota kwa upawa uliochovywa majini na kuupanga kwenye sahani vipande vipande. Wangu ulikuwa unaanguka nje. Mlima Zomba ulikuwa hapo juu ya mji, asubuhi umefunikwa na ukungu kama Elgon ukiutazama kutoka Saboti, na siku nyingine niliamka nikidhani niko karibu na nyumbani, hadi nisikie watu wakisalimiana nje.

Lugha yao ilinichezea. Maneno mengine niliyajua kabla ya kufundishwa. Moyo ni moyo, moto ni moto, mwana ni mwana. Mengine yalinitega. Nilimwuliza Mayi Phiri jirani yetu amekwenda wapi, akanijibu, "Kaya." Nikafikiri amesema yuko nyumbani kwake, nikaenda kumbishia hodi mpaka watu wakanicheka. Kaya kwao maana yake ni sijui.

Na wewe huku ulikuwa na vituko vyako. Unakumbuka ulivyonisimulia kwa simu? Ulikuwa na wageni, ukamtuma Chisomo dukani. "Nimemwambia enda uniletee mchere kilo mbili, wageni wanangoja. Akarudi na chumvi! Kilo mbili za chumvi, Naliaka!" Uliposema *mchere*, Mayi, kama tunavyosema sisi wote wa Bokoli, wewe ulitaka mchele, yeye akasikia chumvi, kwa sababu kwao chumvi ndiyo mchere. Nilicheka nikakaa chini sakafuni kwa Mayi Phiri. Nikamweleza, naye akacheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza niliona meno yake yote.

Ulimpa jina la Nasimiyu, kwa kuwa alikuja wakati wa kiangazi. Ulinieleza pia habari za musherekha. Ulikuwa unachuja majivu ya maganda ya maharagwe upate ile chumvi ya kupikia mrenda, kazi niliyoikimbia tangu utotoni nikikwambia magadi ya dukani yapo. Chisomo akaja akachungulia, akasema kwao hufanya hivyohivyo, bibi yake humfundisha. Ulikuwa na furaha sana siku hiyo. "Huyu anajua," uliniambia. "Huyu hata hakuuliza ni ya nini."

Nilifurahi kwa ajili yako. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Vilevile ni kweli kwamba nilikata simu nikatoka nje nikasimama mvuani kidogo, sikujua kwa nini.

Tulikuwa tukizungumza kila Jumapili alasiri. Halafu mazungumzo yakaanza kufupika. Ulikuwa husemi habari za watu tena, unasema za shamba tu. "Niko sawa. Mahindi imebeba. Ongea na dada yako." Ukampa simu Chisomo, naye akawa anaongea haraka haraka kuhusu kuku na kwaya, kama mtu anayeziba tundu. Mara moja nilimsikia akikuuliza pembeni, "Mayi, umemeza?" nikadhani ni dawa ya mafua.

Nilirudi mahindi yakiwa yamekomaa. Sisi wa Kenya tulikutana tena na wale wa Malawi Kitale, kwenye hosteli ileile, ili tuagane kabla hawajarejea kwao. Ulikuja kunichukua. Nilikuona kwa mbali ukishuka kwenye pikipiki ya Wafula na nikafikiri ni mtu mwingine amevaa rinda lako. Lilikuwa limetiwa mishono mipya ubavuni na bado lilikupwaya.

"Mayi, umekonda hivi?"

"Ni huyu Chisomo," ulisema. "Amenitembeza sana. Ati kukaa ni ugonjwa."

Chisomo alikuwa anakunja nguo zake. Nilimfuata chumbani nikafunga mlango. Alikuwa sasa anaongea Kiswahili cha Bokoli kabisa. Nikamwuliza, "Mayi ni mgonjwa?"

Alikunja shati moja mara tatu. Kisha akasema, "Kaya."

Angesema *sijui* kwa Kiswahili pengine ningeamini. Lakini alilikimbilia neno la kwao, na mimi nilikuwa nimetoka huko. Nilijua sauti ya mtu asiyejua inavyokuwa akisema kaya. Hii haikuwa hiyo. Wakati wa kuagana alikushika kiunoni akalia mpaka wenzake wakaja kumtoa, nawe ulikuwa unampigapiga mgongo ukisema, "Basi, Nasimiyu. Si tulisema hatutalia?" *Tulisema.* Nilisimama hapo, mtoto wako, nimefika sasa hivi kutoka safari ya miezi, na sikujua mlisema lini wala mlisema nini kingine.

Uliniambia mwenyewe wiki hiyohiyo, tukivuna. Ulikaa kwenye mabua ukasema una kansa ya koo, umejua tangu mvua za kupanda, na madaktari wa Kitale wamesema imechelewa. Uliyasema kama unavyonieleza upande wa shamba ambao haukupata mbolea. Neno langu la kwanza halikuwa pole. Nilikuuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Chisomo."

"Na Wafula?"

"Wafula anajua ni vidonda vya tumbo."

"Kwa nini ulimwambia Chisomo, Mayi, na sisi tuko?"

Ulivunja hindi moja ukalitupa kwenye lundo. "Chisomo alikuwa hapa," ulisema.

Sentensi hiyo imenikalia mwilini tangu siku ile. Kama alikuwa hapa na mimi sikuwa, ni nani aliyenituma? Si ni wewe uliyesema basi enda? Na ukishanituma, mtoto wa watu aliyekuja kujifunza kupika mrenda ndiye anapewa kubeba ugonjwa wako? Ulimwapisha asiniambie, nilijua baadaye, kwa sababu nikijua ningerudi, na nikirudi, ulisema, sitaenda tena mahali popote. Labda ni kweli. Hata hivyo ungeniachia mimi niamue, Mayi. Nikifika hapo huwa nakukasirikia. Halafu nakumbuka uzito uliokuwa umebaki kwako tulipokuwa tunakubeba, na hasira inakosa pa kukaa.

Miezi yetu ya mwisho sitaiandika yote. Nilikuwa nakupikia uji, kwanza mzito, kisha mwepesi, kisha maji ya uji. Uliniomba nikusimulie Zomba. Ulitaka kujua Mayi Phiri hushona nguo za namna gani, kama ana magoti mazima, kama anamkumbuka bintiye. Nilisimulia, wewe ukifumba macho. Siku moja nilikushika mkono nikakuuliza kama unaogopa. Ulifungua macho ukaniangalia moja kwa moja. "Sina hofu hata kidogo," ulisema. "Hata kama ni leo." Nilikuamini. Nimelishikilia neno hilo kama ukuta.

Siku ya mazishi yako uwanja ulijaa. Mama mmoja wa kanisani alinikumbatia, akaniuliza sikioni, "Na yule mtoto mwingine wa nyumba hii ako wapi?" Ilinichukua muda kuelewa anamaanisha nani. Chisomo hakuweza kuja, safari ni ndefu na maziko hayangoji. Lakini Mayi Phiri alinipigia. "Pepani, mwana wanga," alisema, pole, mwanangu, kisha akaniambia kwamba kwao pia wameketi matanga. Chisomo alikuwa ametandika mkeka sebuleni kama mfiwa. Majirani wa Zomba wamekuja na unga na kuni na nyimbo, wale akina mama niliokuwa nawasalimia sokoni, wamemzunguka wanamfariji kwa kufiwa na mama yake wa Kenya. Msiba mmoja ukawa na nyua mbili. Nilikaa na simu mkononi nikiwa sijui kama nimepewa ndugu au nimegawiwa msiba wangu nusu.

Sasa mimi nafanya kazi Kitale, Mayi, na huo mpango wenyewe. Natayarisha vijana wanaoenda na familia zinazopokea. Juzi tulikuwa na kikao cha wazazi. Alikuwepo mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe kutoka Endebess, watu wao walihamia huko zamani kutoka Mkoa wa Kati, na bintiye yuko tayari kuondoka. Alisikiliza yote, habari za chakula, za lugha, za ibada. Mwishoni akainua mkono.

"Mimi niko na swali moja tu. Nikigonjeka wakati huyu msichana ako huko, mtamwambia?"

Wenzangu wote waliniangalia. Wanajua nilishaenda, wakadhani nina jibu. Nilisimama. Nilifikiria kusema ndiyo, kila mtu ana haki ya kujua habari za nyumbani kwake. Halafu nikamwona bintiye amekaa pale mbele na viatu vipya, uso umejaa safari, nikajiuliza ningekuwa nani leo kama ungeniambia. Nisingejua kuchota nsima. Nisingekuwa na Mayi Phiri. Ningekuwa na wewe miezi mingine zaidi. Nilishindwa kupima.

"Sijui, Mzee," nilimwambia.

"Sawa," akasema. "Angalau hujanidanganya." Akamgeukia bintiye palepale, wakaanza kuongea wao kwa wao kwa sauti ya chini, mimi nikatoka nje.

Kuna jambo lingine. Mayi Phiri naye aliniambia neno lake, siku moja barazani tukiwa tunang'oa nyuzi za muda kwenye sare za shule. Ni neno ambalo Chisomo halijui hadi leo. Sitaliandika hapa kwa kuwa si langu. Halina ugonjwa wala kifo ndani yake, lakini ni zito, na alinisihi nilihifadhi. Nilipomwuliza kwa nini ananiambia mimi, alinitazama kama kawaida yake, kisha akasema, "Wewe halitakuumiza." Kwa hiyo nafahamu kidogo, Mayi. Kuna mambo yanayosemeka kwa mtoto wa mwingine tu. Lakini nikishaelewa kichwani bado kifuani hapajakubali, na sijui nifanye nini na kifua.

Wiki jana Chisomo alikuja. Alikuwa amenitumia ujumbe kwamba ameweka akiba ya nauli na angependa kuwepo tutakapofanya maombi ya kukukumbuka. Wafula akasema, "Si ni mtoto wa hapa? Asimame na sisi." Hata Senge Rosa alikubali, yeye aliyeuliza zamani tunamjulia wapi. Mimi niliandika tu *karibu*. Nilimpokea Kitale. Amenenepa kidogo. Tulikumbatiana kama watu wanaoogopa kuvunja kitu.

Baada ya maombi, watu walipoondoka, tulitandika mkeka karibu na kaburi lako, jua likiwa bado liko juu. Nilikuwa nimebeba swali langu mwaka mzima na nilitaka kumwonyesha. Nikamwuliza bila kuzunguka, "Chisomo, kwa nini Mayi alikuambia wewe?"

Alinishangaa. "Mayi hakuniambia."

"Aliniambia mwenyewe kwamba ulijua."

"Nirijua," alisema, na hiyo *r* yake ya Bokoli ilinichoma. "Lakini hakuniambia yeye. Mimi ndiye nilimwambia."

Kisha akanisimulia. Ulikuwa umemwomba akusindikize kliniki Kitale kwa sababu chakula kilikuwa kinakwama na hukutaka kumsumbua Wafula. Majibu yalipotoka, daktari alikuwa kijana mpole, akadhani Chisomo ndiye bintiyo. Hakuweza kukutazama wewe. Alimtazama yeye, akaeleza kila kitu kwa Kiingereza, taratibu, akamwambia amweleze mama yake vizuri wakifika nyumbani. Wewe ulikuwa umekaa hapohapo, kikapu mapajani, ukimtazama Chisomo usoni. Mlipotoka mlikaa kwenye benchi ya ukumbini ukamwuliza, "Amesema nini?"

Alikuwa amekuwa Kenya miezi michache tu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuku na cha sokoni na cha salamu. Alilitafuta neno kichwani hakulipata. Alipata moja tu.

"Nilisema, pole, Mayi," Chisomo aliniambia. "Nikasema tena, pole sana. Sikujua kusema ingine. Na yeye akaelewa."

Mayi, sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Mwaka mzima nimekuwa nikikuona ukimchagua. Nimekuona ukimwita jikoni, ukifunga mlango, ukimpa siri uliyoninyima. Kumbe hakukuwa na jikoni wala mlango. Kulikuwa na benchi, na msichana wa watu amekufa ganzi, ana neno moja la lugha yako. Nilipokuuliza ukasema alikuwa hapo. Ulikuwa unasema ukweli mtupu na mimi nikausikia mwingine.

Nilimwuliza ulifanya nini baada ya hapo. Akasema mikono yako ilianza kutetemeka mpaka kikapu kikaanguka. "Akanishika hapa," akanionyesha juu ya kiwiko. "Akasema, Nasimiyu, naogopa. Naogopa sana. Akasema hivyo njia yote mpaka Webuye."

"Hapana," nilisema. "Mayi hakuogopa. Aliniambia mimi mwenyewe. Alisema hana hofu hata kidogo."

"Aliogopa, Naliaka."

"Mimi ndiye nilikuwa naye mwisho!"

"Na mimi nilikuwa naye mwanzo."

Tuliinuliana sauti kando ya kaburi lako kama watoto wanaogombania blanketi, mpaka Senge akachungulia mlangoni. Chisomo akaanza kulia, nami nikaanza, kila mmoja kwa sababu yake. Alipotulia aliniomba nimweleze siku zako za mwisho. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Alikuwa ameketi kwenye mkeka wa Zomba bila kujua kama uliumia, kama ulikula, kama ulimtaja. Nikamwambia kwamba ulimtaja, kwamba uliuliza kama mama yake ana magoti mazima. Alicheka kwa machozi. Yeye naye akanipa miezi ambayo sikuwepo, siku baada ya siku, kliniki, kwaya, kuku, jinsi ulivyokuwa ukijikaza Jumapili kabla ya simu yangu kuita, ukinywa maji ya moto ili sauti itoke vizuri. Jua lilihama tukiwa bado tunapeana.

Nina nusu mbili sasa na hazishikani. Kama uliogopa njia yote mpaka Webuye, woga huo ulikwenda wapi kabla hujafika kwangu? Uliisha kweli, mtu anaweza kufika mahali ukaisha? Au uliuacha kwa Chisomo ili kwangu uje mikono mitupu, wewe ambaye hukuwahi kwenda kwa mtu mikono mitupu? Nikisema ulinidanganya, naona macho yako yalivyoniangalia siku ile na siwezi. Nikisema ulikuwa jasiri, naona mikono ikitetemeka kwenye benchi na siwezi pia. Chisomo anaondoka kesho. Nimemwuliza yeye anaamini nini, naye ananiuliza mimi.

Pumzika, Mayi. Sikukasirikii, au nakukasirikia kidogo tu, na nadhani ungenielewa kwa vyote viwili. Laiti ningekuwa mimi pale kwenye benchi. Najua ningekuambia kwa maneno mengi mazuri, kwa Kiswahili na kwa lugha yetu, Lubukusu, nikakueleza yote aliyosema daktari. Lakini hata leo sijui kama ningeweza kukuacha uogope.

Ni mimi,
bintiyo uliyemzaa mwenyewe.